Masanduku Kumi na Manne

Yaliletwa Machi, kwa malori mawili kutoka bandarini,
masanduku kumi na manne ya mbao nyeupe,
ndani yake tanuri jipya lisilojua makaa ya mawe.
Bwana Luan aliyapiga picha, akamtumia mkewe.
Wiki ile ile ukafika waraka:
ruzuku imesitishwa kwa muda, subirini maelekezo.

Subirini. Neno jepesi, halifiki hata ratili,
ila mimi karani wa mafuta nalipima kwa tani.

Naitwa Qiu Meirong. Kila siku saa moja asubuhi
naandika katika daftari la kiwanda chetu cha vigae, hapa Boshan,
makaa yaliyoingia, vigae vilivyotoka,
na safu ya tatu, nyembamba, anayoiulizia mkaguzi:
moshi, kwa makadirio.
Makadirio ni yangu. Moshi ni wa wote.

Aprili, waraka wa pili: ruzuku itarudi, nusu.
Mei: itarudi yote, ila kwa wenye kuuza nje.
Juni huko nje wakapandisha ushuru wa vigae,
kuuza nje kukawa hadithi ya kantini.
Julai bei ya hewa chafu ikaporomoka sokoni
hadi kuchafua kukawa nafuu kuliko kufikiri.
Agosti hakuna aliyeandika.
Ukimya nao ni waraka. Bwana Luan aliusoma mara mbili.

Usimdhanie ubaya.
Ana mkopo benki na wafanyakazi sitini na watatu.
Kalamu aliishika mbele yangu, mara tatu,
na mara ya tatu akakorogea chai.
"Meirong," akasema, "wakiniambia hapana, nitajua pa kupita.
Wakiniambia ndiyo, nitauza gari.
Lakini hii labda, nichimbe msingi juu yake vipi?"
Akaagiza makaa ya miezi mitatu.

Subira huvuta heri, husema watu.
Yetu ilivuta malori, usiku, taa zimezimwa.

Tanuri la zamani lina ufa ubavuni
anaoujua vizuri Zhai Fengtai, mchochezi wa miaka ishirini.
Hauzibwi: nani atengeneze kitu kinachong'olewa kesho?
Na kesho haiji, ufa unapanuka,
joto linatoroka kama mdeni.
Nilimuuliza, akahesabu kwa vidole vyeusi:
zamani mabeleshi arobaini kwa mkupuo,
sasa hamsini na mawili.
Hayo kumi na mawili hayakuivisha kigae hata kimoja.
Yalilisha shaka tu.
Nikatamani kuyachorea safu ya nne.

Majirani zetu wa vioo wanangoja.
Ng'ambo ya reli, wa saruji wanangoja.
Bibi Sui wa mabasi alingoja ya umeme
mpaka akakarabati yale ya dizeli, huku akiomba radhi.
Mji mzima umesimama kizingitini, mguu ndani, mguu nje,
na mlango ukiachwa wazi hivyo
moshi haungoji kukaribishwa.

Novemba theluji ya kwanza ilianguka kijivu.
Paka wa mlinzi akazaa ndani ya sanduku namba tisa,
kati ya nyaya za shaba na kijitabu cha maelekezo.
Watoto watano. Bwana Luan alichungulia,
akavua skafu yake, akaisukuma ndani,
akakataza mtu yeyote kulifunga.
Ndiyo amri pekee ya mwaka huu ambayo haijatenguliwa.

Leo umefika waraka wa tisa, muhuri bado unanuka wino.
Nimeuweka mezani kwake, nikarudi kwenye daftari.
Safu ya tatu naijaza kwa kalamu, kama siku zote;
penseli nimewaachia wanaoandika sera.
Dirishani namwona Fengtai akipuliza vidole,
akiinua beleshi la hamsini na tatu.